Kwa Mteja Mpira, kwa Mume Hapana

Mpendwa Bi Mwanakuu,

Shikamoo bibi, na baada ya salamu naomba unisaidie upesi, maana mwisho wa mwezi huu rafiki yangu Eddah anafunga mzigo kwenda kukaa na mwanamume, na mwanamume huyo ni wangu, na si wangu peke yangu, na hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Mimi nimepanga chumba ghorofani nyuma ya Ndia Kuu, na kazi yangu ni ile ambayo wanaume wa mji huu mchana hawaijui. Wanawake wa kazi hii tuko kumi na mmoja katika umoja wetu, na kila Alhamisi asubuhi tunakutana kwangu kufundishana kujikinga na ukimwi na maradhi mengine, na mwalimu aliyechaguliwa ni mimi, Sista Janet wa kliniki akanipa na fulana, na nasema kweli bibi, ile fulana ilinipanda kichwani. Nilimgombeza Eddah mbele ya wenzake kwa kufungua pakiti ya mpira kwa meno, nikamgombeza Shukri kwa kupaka mafuta ya nazi, ambayo huuharibu mpira ukapasuka mtu yuko kazini, na hata kile kiungo cha mti tunachojifunzia kuvisha ni mimi niliyekwenda kukiagiza kwa Kingi mchonga vinyago, naye kwa mazoea yake akakichonga twiga ubavuni, mtalii mmoja nusura akinunue.

Sheria yetu kubwa ni moja, mteja akikataa mpira kwa mmoja wetu, hapokelewi na yeyote. Basi akaja huyu Bramwel, karani wa bandarini, mtu wa kwaya, suruali imepigwa pasi ikasimama, akakataa. Nikamwambia, "Bila mpira hapana, baba." Akasema, "Kwani mimi naonekana mgonjwa?" Nikamwambia, "Ugonjwa hauvai sare. Mlango ule pale." Alhamisi nikalitangaza jina lake, na wenzangu wote wakaapa kumfungia.

Wiki ya pili akarudi saa saba mchana na samaki wawili, changu, wamefungwa katika gazeti. "Leo sikuja kama mteja," akasema, "nimekuja kula." Nikampikia samaki wa kupaka, akala, kisha akaosha sufuria, bibi! Mimi tangu kuzaliwa sijaona mwanamume akisugua sufuria. Akatundika shati lake kwenye msumari wangu. Nilipotoa pakiti akaitazama kama aliyetukanwa. "Hizo si za wateja? Mimi kwako bado ni mteja?" Nikaona haya, nikairudisha chini ya mto, na tangu siku hiyo ni miezi mitano, Alhamisi nafundisha mpira, Jumamosi nakaa na Bramwel bila huo mpira, nikijiambia sheria yetu imesema mteja, haikusema mume. Wenzangu sikuwaambia, ningewaambiaje, nami ndiye niliyemfukuza?

Sasa wiki iliyopita Sista Janet aligawa vikaratasi, kila mmoja aandike kama kuna mtu ambaye hatumii naye mpira, asitie jina lake mwenyewe, akikunje, akitumbukize katika kopo la maziwa, na kopo nikapewa mimi nilipeleke kliniki. Shetani akanipitia, nikalifungua ngazini. Wanane wameandika hakuna. Cha tisa ni changu. Cha kumi kimeandikwa, "Nina mume tu, Bramwel wa bandarini, atasilimu, tutamwita Ibrahimu, mwaka huu amefunga nami siku nne," na kwetu Mwislamu ni Shukri pekee. Cha kumi na moja kimeandikwa, "Bramwel, nahamia kwake mwisho wa mwezi," na anayehama ni Eddah. Niliketi pale pale kwenye ngazi nikavikunja upya, nikavirudisha, na kopo hadi leo liko kwangu chini ya kitanda.

Na lingine, bibi, ni kwamba wiki ya tatu sasa nikienda haja ndogo nachomeka kama nimekaa juu ya pilipili, nimenunua dukani vile vidonge vya rangi mbili, nikameza vinne, vikanituliza siku mbili, kisha ukarudi moto ule ule.

Nikisema, watajua nimefungua kopo, nitavuliwa ualimu, na wateja wakisikia mwalimu mwenyewe ni mgonjwa nitakula nini? Nikinyamaza, Eddah anakwenda. Jana ameniletea jiko lake la makaa niwe nalo. "Chukua, Mwalimu," akasema, "mimi na mipira ndiyo basi, nimepata wangu." Nikalipokea, nikamwambia ahsante. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mwalimu, Mji wa Kale, 1994

*

Mwalimu,

Marahaba. Pole kwa maumivu, na pole yangu imeishia hapo, maana yaliyobaki umejitakia.

Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini kuhesabu mpaka tatu najua. Wewe, Shukri na Eddah. Na kwao huyo Bramwel sitashangaa akiwako wa nne, analea watoto na kumwombea mumewe afya. Wanawake kumi na mmoja, sheria, fulana, kopo la maziwa, na mwanamume mmoja amewapita kwa changu wawili! Mlango wa mteja mkaupiga komeo, wa mume mkauacha wazi na chakula mezani. Nani aliyekwambia maradhi yanauliza cheo cha mtu kabla ya kuingia? Wako wanawake walioolewa kwa hina na kwa cheti, wameletewa ugonjwa na waume zao kitandani, sembuse wewe uliyeposwa kwa sufuria.

Na nyinyi waume mnaosoma gazeti hili mkacheka, chekeni polepole. Bramwel hakushushwa na mvua. Kwaya anayoimba mnaijua.

Kazi yako siisimangi. Wapo watakaonipigia kelele kwamba nilipaswa kukukanya uiache. Hao siku ya kodi ya chumba chako siwaoni. Ninalosema ni kuwa mtu huenda kazini akarudi mzima. Kuli wa bandarini huvaa kofia yake hata msimamizi akiwa mjomba wake, hasemi leo tumekula pamoja basi chuma hakitaniangukia.

Haya, sikiliza. Kopo hilo lipeleke kwa Sista Janet leo, vikaratasi vyote kumi na kimoja, umwambie ulilifungua. Atakugombeza. Simama ugombezwe. Na yaliyoandikwa na wenzako usimtolee mtu, si Shukri, si Eddah, hata wakulilie. Siku wanawake wenu watakapojua siri zao zinasomwa ngazini, hakuna atakayemwambia kweli muuguzi tena, na mtazikana.

Lakini siri yako wewe ni yako, unaweza kuitoa ukitaka, na utaitoa. Alhamisi simama mbele yao, bila hiyo fulana, useme hivi: "Mimi mwalimu wenu nimekaa na Bramwel wa bandarini miezi mitano bila mpira, nikimwita mume, na sasa naumwa, nakwenda kupimwa." Kisha keti ufunge mdomo. Usimtazame mtu usoni. Wenye masikio watasikia, na atakayetaka kufuatana nawe kliniki atajifunga kanga yake mwenyewe.

Mwende asubuhi hiyo hiyo. Vidonge vya dukani achana navyo, na umwambie Sista ulimeza vya rangi gani na vingapi, usimfiche. Huo moto mara nyingi una dawa, lakini utapimwa kwanza, na dawa utakayopewa uimalize yote hata ukijiona umepona. Damu nayo itolewe, ipimwe ukimwi. Majibu yake hayaji siku hiyo, na kuyangoja ni kazi, basi msingoje kila mmoja chumbani kwake kama kuku wa kutotoa. Yakija mabaya, hujafa. Utakula, kikohozi na homa utavitibu mapema, na mpira utaendelea kumvisha kila mtu, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Bramwel lazima naye atibiwe, lakini asiambiwe na mmoja peke yake mlango umefungwa. Mwanamume aliyeumbuliwa mkono wake mwepesi. Aitwe mchana, madirisha wazi, muwe wengi, na Sista akiweza kuja aje. Atasema mnamchafulia jina. Mwacheni aseme, mradi aondoke na karatasi ya kliniki mfukoni.

Na sheria yenu muiandike upya. Neno mteja lifutwe. Yeyote atakayepanda kitanda chenu avae, awe ameleta shilingi, samaki au posa.

Unauliza kuhusu ualimu. Huenda wakakuvua, na wakikuvua ni haki yao. Mimi naona aliyekosea akasema hufundisha kuliko aliyekosea akavaa fulana, lakini hilo wataamua wao, usiliombee. Wewe una jambo moja tu la kuangalia. Kuna mwanamke mwenzako anayegawa vyombo vyake kwa furaha, na aliyemwambia mipira ndiyo basi ni mtu uliyemlaza kwako Jumamosi. Akihama hujasema, usije ukaniandikia tena kwamba ulinyamaza kwa kumwonea haya, maana utakuwa umemuua kwa adabu.

Gazeti hili hutoka Jumanne, na majina yote nimeyageuza, asijulikane mtu. Mrudishie Eddah jiko lake kesho, umwambie Alhamisi asikose.

Bi Mwanakuu