Wifi Amechoka na Mikate Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla wifi yangu hajahama mtaa kwa ajili yangu. Mimi ni mwoka mikate, na wifi, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani, zamani tulikuwa tunasalimiana shingo upande tu, sasa likizo iliyopita akaniambia twende tukapande mlima wa volkano, ule unaotoa moto mpaka leo, ambao ameuota tangu utotoni, nikakubali kwa sababu mume wangu alinibembeleza, tukapanda na kiongozi wa wageni, tukavaa barakoa za kuzuia moshi, tukakaribia kabisa ukingo wa shimo, mlima unanguruma chini ya miguu, na mimi kwa ujuaji wangu wa tanuri nikavua barakoa ninuse, maana moto wowote naujua kwa pua, lo! ule moshi ukanikaba koo, macho yakajifumba, miguu ikaisha nguvu, nikasema leo ndiyo basi tena. Wifi akanirudishia barakoa usoni, akanishika mkono. Kiongozi akamwambia, "Dada, wewe endelea, msaidizi wangu atamshusha." Akajibu, "Huyu ni mke wa kaka yangu, namshusha mwenyewe." Akanishusha njia nzima, huku ananitania eti nimekuwa mzito kwa kuonja mikate ya wateja.

Mshauri, namshukuru mpaka nakosa maneno. Kila asubuhi nampelekea mkate wa moto, na kila mteja dukani namsimulia. Mwanzoni alicheka. Siku hizi nikigonga anajifanya hayupo, na cherehani naisikia! Juzi akafungua dirisha, akasema, "Wifi, hebu niache nipumue." Nililia njia nzima. Nimempata ndugu kule juu, jamani, nimpoteze hapa chini? Nifanyeje?

Mwoka mikate

*

Mwoka mikate, pole kwa moshi, na pole zaidi kwa wifi yako, maana wewe ulikabwa siku moja, yeye anakabwa kila asubuhi. Ila umenifurahisha. Barua za mawifi ninazopata ni za kusutana, na yako ni ya kushikana mikono.

Shukrani yako ni ya kweli, sina shaka. Lakini mama, hebu soma ulichoandika mwenyewe. Mlima huo ameuota tangu utotoni. Mlikuwa mmekaribia kabisa ukingo. Haya niambie, huo moto aliuona? Hakuuona! Aligeuka kwa ajili yako, na wewe hujamuuliza hata siku moja, uko na mikate tu.

Kesho usibebe kitu. Gonga, na asipofungua sema hapohapo mlangoni: "Wifi, turudi mlimani." Cherehani itanyamaza, utaona. Mkifika, msikilizeni kiongozi, na barakoa yako isitoke usoni, hiyo pua iachie tanuri. Akiwaruhusu kusogea ukingoni, mwache wifi atangulie, wewe simama nyuma yake. Usimwambie asante. Funga mdomo, umwache autazame moto wake mpaka atosheke.