Chama Kilikuja Kuona Kitu

Jumapili jioni, mtaa wa Landless, Thika. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu saa tisa. Kwa hivyo leo nisitarajiwe kuandika kwa upole.

Chama chetu kina wanawake kumi na wawili, wote wa hapa mtaani. Kila mwezi tunachanga na mmoja wetu anapewa mchango wote. Sheria kubwa ni moja, na haijaandikwa popote: pesa ya chama lazima inunue kitu cha kuonekana. Tangi, kochi, friji, hata mbuzi. Jumapili inayofuata wenzako wanakuja kwako, wanakunywa chai, wanakipapasa kile kitu, wanakipigia makofi, wanamwomba Mungu akibariki. Nimepapasa makochi ya watu kwa miaka sita. Na sheria yenyewe ina sababu yake, maana siku za mwanzo kuna mwenzetu alipewa zamu yake, mumewe akainywa yote kwa wiki moja. Ndipo tukasema, kuanzia leo tunaona kwa macho.

Mwezi huu ilikuwa zamu yangu. Nimelipa karo.

Si karo ya Njoki, binti yangu. Karo yangu.

Nina miaka thelathini na minane. Kumi na mmoja kati ya hiyo nimeimaliza nikiwa nimesimama kwenye kiwanda kidogo cha juisi hapa Thika, nikichambua mananasi. Nanasi bovu nalijua kwa harufu kabla halijanifikia. Mwaka jana niliwaambia watu wa maabara kuna mzigo umeanza kuchacha. Kijana wa maabara, na koti lake jeupe, akaniambia nirudi kwenye laini yangu, mwenye diploma ni yeye. Siku mbili baadaye juisi yote ikamwagwa, na hakuna aliyenitazama usoni.

Ningependa kuandika kwamba niliamua kurudi shule kwa busara na maombi. Hapana. Niliamua kwa hasira, na hiyo hasira imenifikisha mbali.

Mwezi wa sita nikaenda cyber, pale pa kompyuta za kukodi, kujaza fomu ya chuo kimoja cha Ruiru, diploma ya teknolojia ya chakula, masomo ya jioni. Kijana wa cyber akaniuliza, "Ni ya msichana wako, mathe?" Nikamwambia ni yangu. Alipofika pale pa mwaka niliomaliza kidato cha nne, akaanza kushusha ile orodha ya miaka. Akashusha. Akashusha tena.

"Endelea tu," nikamwambia.

Barua ya kuitwa ikaja baada ya wiki tatu. Nikapanga karo vile ninavyojua kupanga: muhula wa kwanza ulipwe na zamu ya mwezi huu. Muhula wa pili unalipwa Februari, na katika duru mpya ya chama itakayoanza Januari mimi nilikuwa namba mbili. Mkopo wa serikali nimeomba, sijajibiwa. Huo muhula wa tatu tutaonana nao huko mbele.

Basi leo wakaja, wote kumi na mmoja. Nikawapa chai na mandazi. Wakaanza kuzungusha macho. Mama Kevo, mwenyekiti wetu, hata alichungulia jikoni.

"Sasa Mama Njoki, kwani kitu kiko wapi?"

Nikaweka mezani barua ya chuo na risiti ya karo. Zikapita mkono kwa mkono. Kuna mmoja alizigeuza kuona kama nyuma kuna picha.

"Hii si ni ya Njoki?"

"Ni yangu."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, na mimi nikasikia masikio yakiwaka.

"Wacha nikuambie kama dada yako," Mama Kevo akasema. "Ukimaliza utakuwa unaingia arobaini na ngapi? Nani anaandika cucu kazi, mtu wa wajukuu? Si ungenunua hata tangi, na vile maji inatusumbua hapa?"

"Hiyo arobaini nitafika hata nisiposoma," nikamjibu. "Nitafika na tangi, na bado nachambua mananasi."

Halafu mmoja akasema polepole, "Lakini Ngai, Mungu wangu, hatuwezi kupigia karatasi makofi."

Wakapiga kura. Karatasi si kitu. Mpaka nionyeshe kitu, katika duru ijayo nitakuwa wa mwisho, namba kumi na mbili. Hiyo ni Desemba, na chuo hakitanisubiri Desemba. Waliniambia niombe msamaha ili wanisogeze kidogo mbele. Nikakataa. Wakafunga kwa maombi, wakamaliza mandazi, wakaenda.

Kinachoniuma ni kwamba nawapenda. Mama Kevo ndiye aliyenipeleka hospitali siku ya kumzaa Njoki. Na nikisema ukweli wote, miaka miwili iliyopita hata mimi ningenyoosha mkono pamoja nao.

Nililia kidogo nikiosha vikombe.

Nilipoenda kuvirudisha kabatini ndipo nikalitazama lile kabati. Ni la vioo, nililinunua kwa zamu yangu ya mwaka juzi. Siku hiyo walilipigia makofi mpaka majirani wakatoka nje. Limejaa vikombe vingine ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvinywea. Nikasimama na kikombe mkononi, nikaona karo ya Februari.

Kuna kijana wa ploti ya pili ambaye ameoa juzi, na amekuwa akilitamani. Nikampigia simu.

"Mum, na vyombo tutaweka wapi?" Njoki akauliza.

"Kwa beseni."

Akanitazama. Nilidhani atanuna, maana yuko kidato cha tatu na siku hizi kila kitu ninachofanya kinamwaibisha. Akaanza kutoa vikombe.

Kijana akaja na mkokoteni. Kwa sababu ya manyunyu alitaka tulifunike kwa turubai. Nikamwambia liende wazi, atalipangusa akifika. Tukalisukuma watatu, barabara nzima ya mtaa, vioo vikimetameta, watu wakitoka milangoni. Tukapita duka la Mama Kevo. Alikuwa amesimama pale na kijiko cha kupimia sukari mkononi. Nikamsalimia, akaitikia. Tukaendelea kusukuma.

Pesa ya kabati haikufika karo yote ya muhula. Bado kuna pengo na sijui nitaliziba na nini. Redio nayo nimeshaipigia hesabu.

Kesho kazi inaisha saa kumi, na saa kumi na moja na nusu nitakuwa darasani Ruiru, dawati la mbele kabisa. Naogopa kemia. Naogopa kukaa na watoto ambao wangeweza kuwa wangu, waniite mwalimu nikiingia mlangoni. Zaidi ya yote naogopa swali moja ambalo limekaa nami jioni hii: nikifeli, nitawatazama vipi wale kumi na mmoja?

Nitawatazama hivi hivi nilivyowatazama leo. Halafu nitarudia mtihani.