Mama, Kukonda Kwangu Si Ugonjwa Ule

Mama mpendwa,

Shikamoo. Dada Justa ameniambia hapo Nyanga mvua imeshaanza na kahawa imechanua. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha Baba? Mimi ni mzima. Najua neno hilo hulisadiki siku hizi, ndiyo maana nimeandika barua. Kwenye simu ukiniona tu unaanza kulia, unamwachia Justa simu, na tuliyotaka kuzungumza hayazungumzwi.

Justa alinieleza ilivyokuwa ulipoiona picha yangu ya Krismasi. Uliiweka simu mezani, ukaingia chumbani, na kesho yake ukaenda kumwomba padre Misa. Ulisema, "Ameanza kama Wilbroad." Nilikuwa na miaka tisa baba mdogo Wilbroad aliporudi kutoka visiwani alikokuwa akinunua samaki. Nakumbuka ulivyokuwa unambeba kumpeleka kuoga, na hakuwa mzito. Kwa hiyo sikulaumu. Mtu wa Kagera wa umri wako akiona mtoto wake amekonda namna hii, atafikiria nini kingine?

Sina UKIMWI, Mama. Nimepima, na karatasi ya majibu imo humu kwenye bahasha, Justa atakusomea. Nimekonda kwa sababu nilifanyiwa upasuaji, na ni mimi niliyeutaka.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Nilikuwa nimefika kilo mia moja thelathini na moja. Sukari ilikuwa juu, magoti yananiuma, na kazi yangu huku ughaibuni, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ni kuinua watu kutwa nzima. Madaktari wakanipunguzia mfuko wa chakula ukawa mdogo kama yai, wakauunganisha na utumbo kwa chini zaidi. Muuguzi alinieleza vizuri: chakula kinachoingia ni kidogo, na hicho kidogo mwili hauwezi kukinyonya chote, kwa hiyo nitameza vidonge vya vitamini na madini maisha yangu yote, na kupima damu kila baada ya miezi michache. Niliitikia. Nikameza miezi mitano. Vilinitia kichefuchefu, nguo zilikuwa zinanipwaya, watu wananisifu. Nikaona nimeshapona, nikaacha. Vipimo viwili vya damu navyo nikavikosa nikisingizia zamu.

Halafu miguu ikaanza. Kigimbi kinakaza ghafla, kinakuwa kigumu kama jiwe, vidole vinajikunja, na siwezi kufanya lolote ila kushika ukuta na kungoja kiachie. Nilidhani ni kusimama sana. Mwenzangu wa kazini, Efua, mama wa Ghana, aliniambia, "Kula ndizi." Nikacheka. Mtu wa Bukoba kufundishwa kula ndizi! Ndizi nilikula, miguu ikaendelea kukaza, na nyayo zikaanza kufa ganzi.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa namhamisha Bibi Edith kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha kuogea. Ana miaka tisini, zamani alikuwa mwalimu. Kigimbi cha kushoto kikakaza nikiwa nimeshamwinua. Mguu ukakataa. Nilijigeuza nikaangukia mgongo ili yeye aniangukie juu, na ndivyo ilivyokuwa. Tulilala pale sakafuni tunatazamana. Hakuvunjika popote. Aliniuliza kwa upole, "Binti, unaumwa tangu lini?" Nikapaza sauti kumwita msimamizi.

Msimamizi alinipeleka hospitali siku ileile. Wakanitoa damu. Majibu yalipotoka daktari akaniita.

"Vidonge unameza?"

"Nameza," nikasema.

Akaitazama karatasi. "Damu yako inasema hapana."

Nikamwambia ukweli. Madini ya chuma yalikuwa chini, vitamini D chini, kalsiamu chini, na ile vitamini inayolinda mishipa ya fahamu, B12, ilikuwa karibu kwisha. Alisema miguu hukaza kwa sababu nyingi, ndiyo maana mtu hapaswi kujitibu kwa kubahatisha. Nilianza sindano, na vidonge vya aina nyingine visivyonitia kichefuchefu. Baada ya wiki kadhaa kukaza kukapungua, sasa ni mara mojamoja. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado vina ganzi. Daktari hakuniahidi kwamba itaondoka. Kazini wamenirudisha, ila kwa sasa siinui mtu peke yangu.

Utauliza kwa nini nilikuficha. Nilipokuwa mnene ulikuwa unawaambia watu nje ya kanisa, "Mwanangu huko anakula." Ulisema kwa furaha. Nilishindwa kukuambia kwamba mwili ule uliokuwa unajivunia ndio uliokuwa unaniumiza. Nikanyamaza, nawe ukabaki peke yako na wazo la Wilbroad kwa miezi. Hapo nilikukosea, Mama. Nisamehe.

Nisalimie sana Baba. Msalimie Justa na walimu wenzake wa shule ya Kagoma. Msalimie shangazi Verediana aliyenisomesha, na mama mdogo Koleta, umwambie gauni alilonishonea nimelipunguza, sijalitupa.

Mwezi wa saba nakuja, likizo imekubaliwa. Justa atakuleta uwanja wa ndege hapo Bukoba. Abiria watakapotoka, usimtafute yule uliyemsindikiza, maana nitakupita na hutanijua. Wewe simama tu mlangoni. Mimi nitakuona, na nitakuita.

Ni mimi mwanao, yuleyule,

Leokadia