Hina ya Mama Habiba

Galbet, Garissa

Mama mpendwa,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mzima, ila joto la huku limenipasua nyayo hata nikawa nafundisha nimekaa. Jana jirani yangu, Mama Habiba, aliniona nikichechemea, akaniita uani kwake.

"Mwalimu, kaa hapa. Dawa iko."

Alichuma majani ya mhina uliojaa maua madogo yenye kunukia, akayatwanga, kisha akavaa mfuko wa plastiki mkononi na kuanza kunipaka.

"Mbona unaogopa rangi?" nilimtania.

"Niko eda, mwalimu. Mjane hawezi kuweka hina." Akautazama ule mti. "Hii, mzee yangu alibanda ikiwa mche ndogo. Alisema ni ya mikono yangu."

Kicheko kilinikaukia. Niliushika mkono wake pamoja na ule mfuko, tukakaa hivyo mpaka hina ikashika.

Leo nimefundisha nimesimama. Nimewauliza wanafunzi namna ya kumpa mtu pole kwa Kisomali, lugha ya Mama Habiba, na jioni nitakwenda kumwambia.

Mungu akuhifadhi, Mama. Mshike Baba mkono kwa niaba yangu, na usiharakishe kuuachia.

Mwanao,
Wairimu