Asali ya Maganga

Jumanne

Mionzi ya saratani nilimaliza mwezi wa tatu, lakini koo bado linawaka. Hata uji nausubiri upoe kabisa.

Leo mdogo wangu Maganga kaja kutoka Usinge na chupa ya asali aliyoirina mwenyewe.

"Onja, dada. Hii ndiyo dawa."

Kwetu asali uliyoletewa huonjwa mbele ya aliyeileta. Nikameza kijiko kimoja. Iliniunguza mpaka machozi yakanitoka, na sauti ya kumwambia sikuwa nayo.

Akadhani nalia kwa furaha. Akanishika mkono, naye akalia.

Daktari anasema nivumilie. Nivumilie mpaka lini? Naogopa ndivyo nitakavyobaki.

Maganga kaondoka amefurahi. Jumamosi analeta ndoo nzima.