Kikao cha Dharura Kuhusu Ndoana na Chambo cha Ndugu Tupokigwe Wakati wa Baridi

CHAMA CHA WAVUVI WA NDOANA, IGAWA

Kumbukumbu za kikao cha nne, kilichofanyika Jumamosi tarehe 3 Julai 1976 katika darasa la elimu ya watu wazima, Igawa, na kumalizikia kando ya Mto Mbarali.

WALIOHUDHURIA
Nd. Nyanda Luhende – Mwenyekiti
Nd. Liberatus Kihwele – Makamu
Nd. Ngolo Mabula – Katibu
Nd. Shija Kasubi
Nd. Saulo Mwashiuya
Nd. Tupokigwe Mwasomola

WASIOHUDHURIA
Nd. Jailos Mwaweza – msibani Mbalizi, alitoa taarifa
Nd. Asukile Mwaisaka – hakutoa taarifa

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:15 asubuhi. Alieleza kwamba kilipangwa kuanza saa 2:00 lakini wanachama walikuwa nje wakiota jua. Ndugu Saulo alisema Mwenyekiti naye alikuwa akiota jua, tena ndiye aliyekuwa amekalia jiwe lenye joto. Mwenyekiti aliagiza hilo lisiandikwe. Katibu alikuwa ameshaliandika.

KUMB. NA. 4/2: BARUA ISIYO NA JINA
Mwenyekiti alieleza kwamba barua ilikutwa chini ya mlango wa darasa tarehe 28 Juni. Alimwagiza Katibu aisome. Barua ilisema kwamba Ndugu Tupokigwe alivua kambale saba tarehe 19 Juni, kambale watano tarehe 23, na perege tisa tarehe 26, mmoja wao mdogo akarudishwa majini. Kwamba katika siku hizo hakuna mwanachama mwingine aliyepata zaidi ya samaki mmoja. Kwamba katika maji ya baridi namna hii hakuna avuaye hivyo bila dawa ya mganga. Na kwamba kilindi kilicho chini ya daraja apewe mwanachama wa siku nyingi.

Ilikumbushwa kwamba kilindi hicho hupigiwa kura kila mwaka, Juni hadi Agosti, kwa sababu samaki wa mto mzima hukimbilia humo baridi inapoingia, na kwamba Ndugu Tupokigwe alikipata kwa kura ya halali, mwaka jana na mwaka huu. Ndugu Shija alisema kura ilikuwa halali lakini samaki si wa halali. Alipendekeza Ndugu Tupokigwe anyang'anywe kilindi, na akikutwa na hatia atolewe chamani.

Ndugu Tupokigwe alisema tangu mume wake afe, kitoweo cha watoto wake watatu hutoka katika kilindi hicho. Mtu akikitaka, amwambie machoni.

Ndugu Liberatus aliuliza kwa nini katika majira mawili ya baridi hakuna aliyemuuliza anavuaje. Mwenyekiti alimkumbusha Kanuni ya 3, iliyoletwa na waanzilishi kutoka Ziwani: mtu haulizwi chambo chake akiwa majini, kwa kuwa swali hufunga maji, samaki wasile. Huulizwa kikaoni tu, tena kwa ajenda. Ndugu Liberatus alisema kwao Iringa mtu huulizwa popote. Mwenyekiti alisema ndiyo maana sifa ya wavuvi wa Iringa haisikiki.

KUMB. NA. 4/3: MAELEZO YA NDUGU TUPOKIGWE
Mwenyekiti alimuuliza rasmi anatumia nini. Ndugu Tupokigwe alisema anashukuru kuulizwa, akafungua kitambaa mezani.

Ndoana zilikuwa tatu, ndogo kama ukucha wa kuku. Alieleza kwamba ni sindano za kushonea, alizozitia katika makaa hadi zikawa nyekundu, akazikunja kwa koleo. Ndugu Shija alionyesha ndoana yake, ambayo ni nene kama kidole cha mtoto, akasema kwamba hiyo ndiyo ndoana. Ndugu Tupokigwe alijibu kwamba samaki wa wakati wa baridi ni kama mgonjwa. "Mgonjwa humsokomezei tonge, baba. Unampa uji kwa kijiko."

Kuhusu mshipi, alieleza kwamba huokota vipande vya matairi ya malori yaliyopasuka barabarani, huchambua uzi wa ndani na kuutenganisha mpaka abaki na mmoja mwembamba. Ndugu Saulo, ambaye ni fundi wa matairi, aliuomba uzi huo, akauvuta mara mbili.

Alieleza kwamba hafungi risasi ya kuzamisha bali kijiwe cha ukubwa wa punje ya mahindi, ili chambo kishuke polepole mpaka chini, ambako samaki wamelala. Kipande cha bua la mtama kinachoelea juu humwonyesha samaki anapogusa. Akiona kimetikisika hangoji kizame.

Ndugu Shija alisema: "Sisi tumezaliwa Ziwa likiwa mlangoni. Leo tufundishwe kuvua na mtu wa migombani?" Ndugu Tupokigwe alisema: "Ziwa lenu mmeliacha huko huko, baba. Hapa ni mto."

Alipoulizwa chambo, alisita, akamwangalia Mwenyekiti. Alieleza kwamba ni funza weupe wa kwenye samadi, na kwamba huwachukua katika zizi la Mwenyekiti kila Ijumaa, kwa ruhusa ya Mama Lea, mke wa Mwenyekiti. Mwenyekiti aliuliza kwa nini mkewe hakumwambia. Ndugu Tupokigwe alisema Mama Lea alidhani Mwenyekiti anajua kilichomo katika samadi yake.

Wanachama walicheka. Mwenyekiti aliomba utulivu mara mbili.

KUMB. NA. 4/4: MAJARIBIO KATIKA KILINDI
Mwenyekiti alisema maneno hayatoshi. Aliamua kikao kihamie mtoni, yeye avue kwa vifaa vya Ndugu Tupokigwe, na mwenye vifaa asiviguse, ili kama kuna dawa ijulikane iko kwenye vifaa au kwa mtu. Wanachama walifika mtoni saa 4:40. Walimkuta Ndugu Asukile amekaa mahali pa Ndugu Tupokigwe, na kapu lake likiwa tupu. Alieleza kwamba alikuwa akipalinda.

Baada ya dakika ishirini na tano bua lilitikisika. Mwenyekiti aliinuka na kuvuta kwa mikono miwili, kama tulivyokuwa tukivuta kamongo kule Ziwani. Uzi ulikatika. Samaki alikwenda na ndoana. Ndugu Tupokigwe alisema zimebaki mbili.

Ndugu Liberatus aliomba ajaribu. Alivua akiwa ameketi, akainua kwa kifundo cha mkono tu. Alipata perege wa urefu wa shubiri moja na nusu, na baadaye kambale. Alisema yeye huogopa dawa tangu utotoni, na kama hiyo ni dawa basi ameshaambukizwa na anaomba aachwe nayo.

Ndugu Shija aliondoa pendekezo lake. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama sindano ya kushonea magunia inafaa. Alijibiwa kwamba ni nene mno.

KUMB. NA. 4/5: MWANDISHI WA BARUA
Ndugu Saulo alisema suala la chambo limekwisha lakini la barua bado. Yeye huvua hatua thelathini kutoka kilindini na hakuweza kuhesabu samaki wa Ndugu Tupokigwe. Aliyejua hata yule mdogo aliyerudishwa alikuwa hana kazi nyingine siku hiyo.

Ndugu Tupokigwe alisema hesabu ni sahihi. Alisema aliyehesabu alikuwa ng'ambo katika matete, kwa siku zote tatu, na kwamba alimwona lakini hapendi kumtaja, kwa kuwa ni mtu mzima na alikuwa akitetemeka kwa baridi.

Katibu aliomba iandikwe kwamba barua aliiandika yeye.

Alieleza kwamba alivua Ziwani, Kayenze, tangu 1931 hadi 1958, na hakumbuki siku aliyorudi mikono mitupu. Tangu ahamie huku Usangu hajapata samaki hata mmoja kati ya Juni na Agosti. Amesoma vitabu vingi kuhusu mambo mengi, ila hakuna kilichomweleza sababu. Alisema hakuamini habari ya dawa alipokuwa akiiandika. Aliona tu kwamba mtu mwingine anapata. Alimwomba radhi Ndugu Tupokigwe na kutoa kalamu kwa Mwenyekiti ili achaguliwe katibu mwingine.

Mwenyekiti alisema hajawahi kuona aibu namna hii, isipokuwa ile ya samadi.

Ndugu Tupokigwe alisema amepokea radhi. Alipinga Katibu kuachishwa. "Mtu anayeweza kuhesabu samaki wa mwenzake vizuri hivi, akiwa ng'ambo ya mto, mtampata wapi mwingine? Mrudishieni kalamu. Lakini Ijumaa aje zizini na kopo lake."

KUMB. NA. 4/6: MAAZIMIO NA KUFUNGA
Iliazimiwa kwamba Ndugu Tupokigwe abaki na kilindi mpaka mwisho wa Agosti. Kwamba Kanuni ya 3 ifutwe. Kwamba Mwenyekiti atafute sindano badala ya ile aliyoipoteza. Na kwamba Katibu achambue uzi wa tairi kwa ajili ya wanachama wote wanane, akianza na wa Ndugu Tupokigwe.

Kabla ya kufunga, Katibu alimuuliza Ndugu Tupokigwe, majini, mbele ya watu wote, kama funza huchomwa kichwani au mkiani. Alijibiwa kwamba ni mkiani, ili aendelee kucheza.

Kikao kilifungwa saa 7:20 mchana, baada ya Ndugu Asukile kuombwa kwa mara ya tatu aondoke mahali pasipo pake.

N. Luhende                         N. Mabula
MWENYEKITI                    KATIBU