Diski Mpya za Gari Lako, Baba

Baba,

Gari halijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Tangu tukuzike, mimi ndiye ninayempeleka Mama kliniki ya sukari Homa Bay. Siku ya kliniki ikikaribia nafunga cherehani yangu ya sare za shule, natoka Migori, nakuja kulala nyumbani, na asubuhi tunaondoka na gari lako. Safari moja, pale mteremkoni kabla ya daraja letu dogo, nilikanyaga breki nikasikia chuma kikisaga chuma. Gari lilivuka daraja ndipo likakubali kusimama. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Tulipofika Rangwe akasema, "Kliniki ijayo nitatembea." Mama, na miguu ile yenye kidonda. Kurudi tulikuja kwa gia ya kwanza, polepole.

Habari zikamfikia ndugu yako, Baba Mdogo Ochieng. Akaja, akaketi nje. Siku hizi haingii ndani, nadhani hataki kukiona kiti chako kikiwa kitupu. Akaniambia, "Nyar owadwa, binti wa ndugu yangu, mwaka huu nimemzika kaka yangu. Sitaki kuzika wengine wawili pale darajani." Alikuwa amepata mnunuzi wa Osiri, mtu wa kubeba magunia ya udongo wa machimbo ya dhahabu. Sikumkasirikia, Baba. Anatuogopea. Lakini pikipiki humpa Mama kizunguzungu, na bila gari kliniki ingebaki hadithi tu. Nikamwomba asubiri mpaka Jumamosi.

Fundi wa Rangwe alisema nimpelekee gari. Nitalipelekaje, na daraja liko katikati? Akaahidi kuja, akaahidi tena. Ndipo nikaamua. Utotoni mwangu kila ulipofungua breki, mimi ndiye niliyekuwa juu kwenye kiti, nikikanyaga kwa amri yako: "Kanyaga. Shikilia. Achia." Nilikuwa nikichungulia chini zaidi ya ulivyojua.

Diski na pedi za breki nilizinunua kwa Abdalla wa spea, hapo Migori. Alipoliona jina lako kwenye simu yangu, maana bado naweka namba za vipuri vya gari chini ya jina lako, akaweka kalamu chini. Akasema, "Mungu amrehemu. Alikuwa akija kununua nati moja anakaa mpaka chai inaisha." Kisha akauliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akanitazama, akaacha kucheka. Akaniletea diski nyingine akisema hiyo ya kwanza ameitilia shaka.

Nilifika nyumbani Ijumaa jioni, nikaziacha diski mezani, nikalala. Asubuhi nikalisogeza gari mpaka pale pakavu karibu na jiko, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nati nikazilegeza kwanza, tairi likiwa bado chini, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikainua kwa jeki, nikaweka gogo la mti chini ya gari. Nakumbuka ulivyoniambia, "Hiyo jeki usiiamini, hata kama nimeinunua mimi."

Nikatoa tairi. Kalipa, ile inayozibana pedi kwenye diski, ilitoka bila shida. Uliniambia isiachwe ikining'inia kwa mpira wake wa mafuta, nami sikuwa na waya, basi nikaifunga kwa mshipi wa sare ya shule niliokuwa nao mkobani. Pedi za zamani zilikuwa zimebaki chuma kitupu. Diski nayo ilikuwa imeliwa hadi ukingo wake ukasimama kama ukingo wa sahani. Tulikuwa tukishuka mteremko ule na kitu hicho.

Diski ikakataa kutoka. Nikagonga na nyundo mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Mama akasema kutoka jikoni, "Unatengeneza gari au unaliadhibu?" Nikaacha. Nikakumbuka yale matundu mawili ya diski uliyokuwa ukiyasafisha kwa msumari. Nikatia bolti mbili, nikakaza hii kidogo, ile kidogo, zikaisukuma. Diski ikatoka kwa mlio mmoja mkubwa.

Sasa sikiliza hili, Baba. Nilichukua diski mpya, nikaivalisha, nikashangaa mikono yangu inateleza. Nikanusa. Mafuta ya injini, yale meusi ya kopo lako la nyuma ya mlango. Diski mpya huja na mafuta yake mepesi, hayo nilikuwa nimejiandaa kuyaosha, lakini haya yalikuwa yamepakwa vizuri, pande zote, hadi ndani. Nikamwita Mama. Akatoka akijipangusa mikono, uso wake umejaa fahari. Akasema aliamka mapema, akaona vyuma vipya vimelala wazi na unyevu wote huu wa ziwa, akavipaka visishike kutu, kama wewe ulivyokuwa ukipaka majembe kila baada ya palizi.

Chuma ambacho kazi yake ni kushikwa, ameking'arisha kiteleze. Kama pedi zingegusa mafuta yale, tungefika darajani na breki mpya zisizoshika. Nilimweleza taratibu. Akafunika mdomo kwa kanga. "Basi ningetuua kwa usafi," akasema. Tukacheka, Baba. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka sote wawili tangu uondoke. Halafu kicheko cha Mama kikageuka kilio, nikamshika.

Tuliziosha pamoja, kwa petroli na kitambaa, tukabadilisha vitambaa mpaka kimoja kikatoka cheupe. Mimi nikanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa pedi. Pistoni ya kalipa nikairudisha ndani polepole kwa klempu ya seremala, ile ya kubania mbao, kifuniko cha mafuta ya breki kikiwa wazi. Nikafunga upande mmoja, nikaenda wa pili.

Baba Mdogo alifika nikiwa kwenye tairi la pili. Akasema, "Naona kaka yangu ameacha gereji." Akazunguka gari, akatikisa kila kitu kinachotikisika. Akauliza nani amenifundisha. Nikamwambia, yule unayemjua.

Likabaki jambo moja. Pistoni zikisukumwa ndani, pedeli hubaki tupu, na gari lisisogezwe hata hatua kabla haijarudi. Nilitaka kuwa chini niangalie mtu akikanyaga. Baba Mdogo goti lake halikunjiki, wewe unalijua. Nikamtazama Mama.

Akasema hapana. Tangu aolewe hajawahi kukalia kiti chako cha nyumbani, na cha gari ni kilekile. Mimi, akasema, ni damu yako, naruhusiwa. Sikumlazimisha. Nilimwambia tu kwamba siwezi kuwa chini na juu kwa wakati mmoja, na kwamba kwa kazi hii wewe mwenyewe hukuwahi kukaa pale. Ulinikalisha mimi.

Akaja mpaka mlango wa gari. Kisha akavua ndala, akazipanga chini vizuri kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akapanda. Akashika usukani. Nikasikia akikusemesha kwa Kijaluo, maneno machache ambayo sitayaandika, kwa sababu ni yako.

Nikamwambia, "Kanyaga." Pedeli ikaenda hadi chini. "Haina kitu, nyathina, mwanangu," akasema. Kanyaga tena. Nikaona pedi zikisogea, zikaikumbatia diski. Kanyaga. Halafu sauti yake ikatoka juu, na nilisikia anatabasamu: "Sasa imekataa kushuka."

Nikarudisha tairi, nikakaza nati, nikaanza kwenye tambarare ya shule, nikisimama taratibu mara nyingi ili pedi na diski zizoeane. Kisha nikarudi kumchukua Mama. Baba Mdogo naye akafungua mlango wa nyuma, akapanda bila kuulizwa. Tukaufikia mteremko. Nilikanyaga mapema, gari likapunguza mwendo kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, likasimama kabla ya daraja. Tukakaa pale, maji yakipita chini.

Baba Mdogo akatoa simu, akampigia yule wa Osiri. Akamwambia, "Hapana, tumeamua. Shemeji yangu ana kliniki Jumatatu." Akazima simu, akaomba afunguliwe dirisha.

Jumatatu tulifika Homa Bay mapema. Daktari amesema kidonda cha mguu kinafunga.

Baba, kuna sauti nyingine nyuma upande wa kushoto, nimeanza kuisikia. Breki za nyuma sijawahi kuziona ukizifungua, na hayupo wa kuniambia ndani mna nini. Nitazifungua hata hivyo, mchana, kwenye ardhi tambarare, na sitapiga nyundo nikiwa na hasira. Nakuahidi Mama hatakosa kliniki kwa sababu ya gari mimi nikiwa na mikono hii.

Pumzika, Baba. Huku barabarani niachie mimi.

Binti yako,
Achieng